Ringwani nayo ni kisiwa: maktaba ya hisabati imfuate mwanafunzi

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa maana ya kungoja. Mkaazi wa Ukara au wa Irugwa akihitaji dawa, saruji au kitabu cha mtoto ambacho hakipo dukani kwake, hana budi kungoja chombo. Na chombo nacho hungoja mafuta, abiria na hali ya ziwa. Ndiyo maana tumeona vema leo tuwaandikie wao, pamoja na viongozi wa Serikali wenye dhamana ya elimu, habari za kisiwa kingine ambacho hakimo katika ramani ya Ziwa Viktoria. Kisiwa hicho ni Ringwani.

Ringwani ni kata ya Wilaya ya Serengeti, Mkoani Mara. Haizungukwi na maji. Makao makuu ya wilaya yake yako Mugumu, na Mto Mara ndio unaoitenga wilaya hiyo na Tarime. Mtu aweza kufika huko kwa gari, kwa pikipiki au kwa miguu. Lakini kwa upande wa vitabu vya elimu ya juu, na hasa vitabu vya hisabati, Ringwani haina tofauti na Ukara: kinachohitajika kiko ng'ambo, na anayekihitaji hungoja.

Kijana wa Ringwani aliyebahatika kujiunga na chuo kusomea hisabati hurudi kwao wakati wa likizo, au wakati wa mazoezi ya kufundisha, akiwa na kazi ya kuandika. Mwingine husoma akiwa nyumbani, kwa kuwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwekwa makusudi kwa ajili ya watu wasioweza kuhamia mjini. Huyu naye atasoma nini jioni? Madaftari yake, kitabu kimoja au viwili, na simu ya mkononi ambayo kifurushi chake huisha kabla swali halijaisha.

Inafaa ieleweke mapema kwamba jambo hili si la wanafunzi wachache wapendao namba. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, waliofaulu somo la Hisabati walikuwa takriban mmoja katika kila watahiniwa watano. Mwaka uliofuata walifikia karibu robo. Nyuma ya kila mtoto aliyeshindwa yuko mwalimu, na nyuma ya kila mwalimu kiko chuo kilichomlea. Wanachuo wa ualimu wa Tarime, Bunda na Murutunguru, huko Ukerewe, ndio watakaosimama kesho mbele ya watoto wa Ringwani na wa visiwani. Mwalimu aliyemaliza chuo bila kuwahi kutafuta jambo mwenyewe katika vitabu hawezi kumfundisha mtoto kutafuta. Atamfundisha kukariri, na hisabati ikikaririwa hufa.

Hata hivyo, katika masomo yote ya sayansi, hisabati ndiyo iliyo rahisi zaidi kuipeleka kijijini. Kemia hudai maabara, udaktari hudai hospitali, uhandisi hudai karakana. Hisabati hudai karatasi, kalamu, kichwa kilichotulia, na maandishi ya wale waliotangulia kufikiri. Hilo la mwisho ndilo linalokosekana. Na tunaposema linakosekana hatuna maana kwamba halipo duniani. Lipo, tena sehemu kubwa yake hutolewa bure. Linalokosekana ni njia ya kulifikisha na mtu wa kulionyesha.

Tutoe mifano miwili iliyo jirani na wasomaji wetu.

Mfano wa kwanza ni nyumbu wa Serengeti. Dunia nzima hujua kwamba kundi hilo lilikuwa la wanyama kama laki mbili na nusu hivi mwaka 1961, na kwamba kufikia mwaka 1977 lilikuwa limepita milioni moja, baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe. Je, idadi hiyo ilijulikanaje? Hakuna mtu aliyewapanga nyumbu foleni. Ndege ziliruka juu ya mbuga kwa kufuata mistari iliyopangwa, picha zikapigwa, wanyama walioonekana katika sehemu hizo wakahesabiwa, na kutokana na sehemu ndogo ikakadiriwa jumla, pamoja na kipimo cha kosa linaloweza kuwamo. Hiyo ni hisabati ya sampuli. Mojawapo ya makala zilizoeleza kanuni za kazi hiyo, na ambayo mpaka leo hutajwa na watafiti, iliandikwa na G. M. Jolly mwaka 1969 katika jarida la kilimo na misitu lililokuwa likitolewa hapa hapa Afrika Mashariki.

Yaani kanuni za kuwahesabia wanyama wa jirani zetu zilichapishwa karibu na kwetu, zaidi ya nusu karne iliyopita. Mwanafunzi wa takwimu kutoka Ringwani, ambaye hifadhi iko wilayani kwao, angeweza kuifanya makala hiyo kuwa msingi wa tasnifu nzuri sana. Lakini akiitafuta leo kwa simu yake, yaelekea atakutana na ukurasa wa mchapishaji wa ng'ambo unaomwomba malipo kwa fedha za kigeni. Hapo wengi hukata tamaa, na badala yake hunakili kazi ya mwenzao wa mwaka uliopita.

Mfano wa pili ni samaki, na hapa wavuvi wa visiwani watatuelewa vizuri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanasayansi Umberto D'Ancona alitazama takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatic. Akaona kwamba katika miaka ya vita, uvuvi ulipopungua, samaki wala-wenzao waliongezeka kwa uwiano kuliko wale wanaoliwa. Akampelekea swali hilo mkwewe, mwanahisabati wa Italia Vito Volterra. Mwaka 1926 Volterra alitoa jibu kwa milinganyo miwili tu: mmoja wa anayeliwa, mmoja wa anayekula. Mmarekani Alfred Lotka alikuwa amefikia milinganyo ya namna hiyo mwaka mmoja kabla, kwa njia yake mwenyewe.

Sasa tutazame ziwa letu. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Furu wakapungua vibaya mno, na dagaa wakadumu. Swali la Volterra liko hai mbele ya kila mwalo wa Ukerewe, na mwanachuo wa mwaka wa pili aliyejifunza milinganyo ya aina hiyo anao uwezo wa kulianza. Anachokosa ni kujua nani ameandika nini kabla yake. Kutokujua huko ndiko kunakomfanya ama arudie kazi iliyokwisha fanywa, ama aogope kuanza.

Basi tueleze kilichopo, maana viongozi wengi huweza kudhani kwamba maktaba ya hisabati ni jengo na shehena ya vitabu vya bei kubwa.

Kwanza, vitabu vya kiada. Shirika la OpenStax, la Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, hutoa bure vitabu vya aljebra, takwimu na kalkulasi. Kile cha kalkulasi kina juzuu tatu na kilitoka mwaka 2016. Chuo cha MIT nacho kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka wazi masomo yake, pamoja na mazoezi na mitihani, kwa yeyote apendaye. Vyote hivi vinaruhusiwa kupakuliwa na kuhifadhiwa kwa masomo.

Pili, makala za utafiti. Tangu mwaka 1991 iko hazina iitwayo arXiv, iliyoanzishwa na mwanafizikia Paul Ginsparg, ambamo wanahisabati huweka kazi zao zisomwe bila malipo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 makala za humo, za hisabati, fizikia na fani nyingine, zilikuwa zimepita milioni mbili. Kwa kazi za Waafrika iko African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, na humo hupatikana jarida la sayansi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tatu, na kwa maoni yetu hili ndilo lisilojulikana sana kuliko yote, iko fahirisi ya hisabati yote iitwayo zbMATH Open. Kumbukumbu zake zinaanzia maandishi ya mwaka 1868. Kwa miaka mingi ilikuwa ya kulipia. Tangu mwaka 2021 ni bure kwa kila mtu. Fahirisi hii haitoi kila makala kamili, bali humwambia mwanafunzi nani aliandika, lini, katika jarida gani, na mara nyingi humpa muhtasari wa msomaji mwingine. Kwa mwanafunzi aliye mbali na mhadhiri wake, hiyo ni sawa na kupewa mzee wa kumwongoza njia.

Nne, uko mpango wa Research4Life, ambao mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wameuweka ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zipate majarida ya kulipia bila malipo au kwa ada ndogo. Vile vile hazina ya JSTOR ina utaratibu wa kuziondolea ada taasisi za elimu za Afrika zisizo za biashara. Lakini hapa tunaomba viongozi watege sikio: mwanafunzi mmoja hawezi kujiandikisha. Anayejiandikisha ni taasisi. Pasipokuwa na mkuu wa chuo au mkutubi aliyejaza fomu na kutunza nywila, mlango ule hubaki umefungwa hata kama ufunguo wake haununuliwi.

Ikiwa hayo yote yapo, kwa nini kijana wa Ringwani hayapati? Tunaona vizuizi vitatu.

Kizuizi cha kwanza ni gharama ya njia. Ni kweli kwamba nyaya za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam tangu mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa mikoani. Ni kweli pia kwamba Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, umejenga minara vijijini. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini mnara haununui kifurushi. Wanafunzi mia moja wakipakua kitabu kile kile, kila mmoja kwa fedha zake, jamii imelipa mara mia moja kwa kitu kimoja ambacho chenyewe ni bure. Huo ni uchumi mbaya.

Kizuizi cha pili ni lugha na njia za kutafutia. Mwanafunzi aliyefundishwa hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi hulazimika kutafuta kwa istilahi za Kiingereza, na asipojua jina halisi la jambo analolitafuta hupata takataka. Wanahisabati wa dunia wamerahisisha kazi hii kwa kuigawa hisabati katika mafungu yenye namba: fungu la 11 ni nadharia ya namba, la 60 ni uwezekano, la 62 ni takwimu, la 92 ni hisabati ya viumbe hai, ambamo nyumbu na sangara wetu huingia, na la 97 ni ufundishaji wa hisabati. Anayejua namba hizi huingia katika fahirisi kama mtu anayeijua nyumba ya jirani yake. Je, ni wanachuo wangapi wamepata kuambiwa habari zake?

Kizuizi cha tatu ni upungufu wa wakutubi. Katika baadhi ya vyuo chumba cha maktaba kipo, lakini ufunguo hukaa kwa mwalimu mwenye vipindi vingi, na hufunguliwa anapopata nafasi. Maktaba isiyo na mkutubi ni ghala.

Kwa wanafunzi wenyewe tunalo neno. Utafutaji una utaratibu wake, nao haudai fedha bali subira. Anza na orodha ya vitabu iliyo mwishoni mwa kitabu chako cha kiada. Chukua jina la mwandishi na mwaka, ulitazame katika fahirisi. Soma muhtasari kabla ya kupakua makala, usije ukamaliza kifurushi kwa jambo lisilokuhusu. Tazama nani ameitaja makala hiyo baada ya kuchapishwa, maana hao ndio walioiendeleza. Pasipopatikana nakala ya wazi, mwandikie mwandishi mwenyewe kwa adabu. Wataalamu wengi hufurahi kutuma kazi zao. Na usiache kuandika katika daftari ulipotafuta na ulichokikosa, ili mwenzako asirudie safari ile ile.

Aidha, tunawatahadharisha juu ya programu za akili mnemba zinazojibu kila swali kwa ufasaha. Zina manufaa yake, lakini zimethibitika mara nyingi kubuni majina ya makala zisizokuwapo na kutoa uthibitisho wenye kasoro iliyofichika. Rejeo lolote litokalo humo lihakikiwe katika fahirisi kabla ya kuandikwa. Mwanahisabati hakubali jambo kwa sababu limesemwa vizuri. Hukubali kwa sababu limethibitishwa.

Tukirudi kwa viongozi, hatuombi jambo geni katika nchi hii. Huduma za Maktaba ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru wa Tanganyika, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam mwezi Desemba 1967. Waasisi wake hawakuridhika na jengo la mjini. Waliona kwamba kitabu hakina budi kumfuata msomaji, na vitabu vikaazimishwa hata kwa njia ya posta. Wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, Ukerewe na Mafia zilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizoteuliwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Wilaya mbili kati ya hizo sita ni visiwa! Wakati ule hakuna aliyesema kwamba maji yalikuwa kizuizi cha elimu.

Ukerewe pia inajua hasara ya maandishi kukawia. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kitabu chake kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Kilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 maandishi yalikuwapo na wasomaji walikuwapo, ila njia kati yao haikuwapo. Leo njia hiyo ya vitabu hugharimu kiasi kidogo mno kuliko wakati ule, na kwa sababu hiyo udhuru wetu nao umepungua.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa mambo manne.

La kwanza: Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, iandae mkusanyo mmoja wa hisabati wenye vitabu na makala zinazoruhusiwa kunakiliwa, na uwekwe katika diski. Ipo programu ya Kiwix iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi kama hii, ya kusoma hazina za mtandaoni mahali pasipo na mtandao. Kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, yenye kumbukumbu ya kutosha, huweza kurusha mkusanyo huo kwa simu zote zilizo katika chumba kimoja bila mtu kununua kifurushi. Kifaa kimoja kikae Tarime, kimoja Bunda, kimoja Murutunguru, na kingine katika shule ya sekondari ya kila kata iliyo mbali, Ringwani ikiwamo. Kila muhula diski mpya ipelekwe na gari au kivuko kinachokwenda huko kwa kazi nyingine za Serikali.

La pili: Wizara ya Elimu ihakikishe kwamba kila chuo chake kimejiandikisha katika mipango ya majarida tuliyoitaja, na kwamba mkuu wa chuo anaulizwa habari hiyo katika ukaguzi kama anavyoulizwa habari za fedha.

La tatu: kila chuo kiwe na mkutubi mwenye mafunzo, au walau mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi kwa ajili hiyo. Kazi yake ya kwanza iwe kuwafundisha wanachuo wapya namna ya kutafuta, katika majuma mawili ya mwanzo, kabla hawajazoea kunakili.

La nne: Chama cha Hisabati Tanzania, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, watoe kijitabu chepesi cha Kiswahili chenye istilahi za hisabati za lugha zote mbili na maelezo ya njia za utafutaji. Kurasa 40 zingetosha.

Tunajua litakalosemwa. Litasemwa kwamba zipo shule zisizo na madawati wala vyoo, na kwamba diski za hisabati zingoje. Tunaliheshimu neno hilo, kwa maana linatoka kwa watu wanaoyaona mahitaji kwa macho yao. Lakini mambo haya hayagombei fungu moja. Jambo la pili tulilotaja halidai fedha yoyote, linadai saini. La tatu linadai mpango. La nne linadai karatasi. La kwanza tu ndilo linalodai ununuzi, na ununuzi wake ni mdogo ukilinganishwa na jengo lolote. Kwa upande mwingine, mwalimu dhaifu wa hisabati huigharimu jamii miaka 30 ya utumishi wake, darasa baada ya darasa.

Halmashauri za Serengeti na Ukerewe zinaweza kuanza bila kungoja agizo kutoka juu. Diwani wa kata na mkuu wa shule wanaweza kukaa pamoja mwezi huu wakatafuta chumba chenye mlango unaofungika, umeme wa jua na mwalimu mmoja anayependa kazi hiyo. Mikutano ya visiwani inaweza kuliweka jambo hili katika ajenda pamoja na habari za vivuko, kwa kuwa nalo ni habari ya kivuko.

Nyumbu wataendelea kuhesabiwa, na sangara wataendelea kuvuliwa. Swali lililo mbele yetu ni nani atakayefanya hesabu hizo: wageni peke yao, au pamoja na kijana wa Ringwani na binti wa Ukara waliosoma kwa nuru ya taa zao wenyewe. Vitabu vya kuwawezesha vimekwisha andikwa. Kazi iliyobaki ni kuvivusha, na kazi hiyo ni yetu.